Kidonge cha kila siku, 2-1-1, sindano au kondomu: ipi itakufaa wewe wa Malindi au Lamu

Juzi usiku jamaa mmoja wa Lamu alinipigia simu, anaongea chini chini manake yuko kwao na dirisha linatazama uchochoro ambao watu hupita mpaka usiku wa manane, akanambia mamake amekuta chupa ya PrEP, dawa ya kumkinga asiyekuwa na virusi vya ukimwi asivipate, chini ya godoro. Chupa yenyewe mnaijua, ile nyeupe ya vidonge 30, ukiitikisa tu inalia kama njuga. Mama wa watu kaiona akaangua kilio, anadhani mwanawe ana ukimwi na anameza ARV kwa siri. Jamaa akabaki hana la kusema, akisema ni dawa atakuwa amekubali ugonjwa ambao hana, akisema ni kinga ataulizwa kinga ya nini na wewe mke huna. Akanyamaza. Kesho yake akaitupa ile chupa baharini, na sasa wiki ya tatu hana kinga yoyote na maisha yake yanaendelea vile vile. Swali lake lilikuwa moja tu, "Kaka, sasa ntumie gani?"

Hilo swali nimelijibu mara nyingi huku Malindi, kwa vijana wa ufukweni, kwa madereva wa tuktuk, kwa mabwana wenye wake na watoto, na kila mmoja jibu lake lilikuwa lake. Nimeona niandike yote pamoja niziweke ubavu kwa ubavu, kila mtu ajipimie. Naongea na wanaume wanaolala na wanaume, wawe wanalala na wanaume tu au na wanawake pia.

Kabla hatujaanza kulinganisha dawa na dawa kuna hesabu moja nataka ukae nayo kichwani. Utafiti mkubwa wa kwanza wa PrEP kwa wanaume kama sisi ulikuwa unaitwa iPrEx, matokeo yalitoka 2010, watu 2,499 kutoka nchi sita zikiwemo Peru, Brazil, Thailand na Afrika Kusini. Waliopewa dawa halisi maambukizi yalipungua kwa asilimia 44 ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Ukiisikia 44 unasema aa, hii dawa nusu nusu. Lakini walipopima damu za watu wakatafuta nani kweli ana dawa mwilini, wale waliokutwa nayo hatari yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 92. Kidonge ni kile kile kimoja. Kilichotofautisha ni nani alimeza na nani alikiacha chini ya godoro. Kwaivo mtu akiniuliza ipi ni kali kuliko zote mimi humuuliza kwanza analala wapi, na nani, na nani hufagia chumba chake.

Na msidhani ni habari za mbali hizi. Pwani yetu imetoa damu nyingi kwa utafiti. Pale Mtwapa, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wa Kilifi wamefuatilia wanaume wanaolala na wanaume tangu 2005, na 2007 ilitoka ripoti ya wanaume 285 wa Mombasa na pembeni yake, wale waliosema wanalala na wanaume peke yao asilimia 43 walikuwa na virusi, wale wa wanaume na wanawake asilimia 12.3. Ripoti ya 2013 ikaonyesha kwenye lile kundi wanalofuatilia, kwa kila watu 100 kwa mwaka karibu 9 walikuwa wanapata maambukizi mapya. Katikati ya hiyo miaka, Februari 2010, kukazuka uvumi wa harusi ya wanaume, watu wakakizingira kituo cha KEMRI pale Mtwapa na wengine wakapigwa vibaya. Wale ndugu zetu waliorudi baada ya siku ile, wakanyoosha mkono tena watolewe damu, mimi nawaheshimu sana, manake mengi tunayoyajua kuhusu sisi wenyewe hapa pwani yametokana na wao.

Haya, tuanze na kidonge cha kila siku kwa sababu ndicho utakachopewa ukienda bila kusema lolote. Kenya ilianza kutoa PrEP rasmi Mei 2017, hospitali za serikali ni bure. Uzuri wake ni kwamba hakina hesabu, unakula chakula cha usiku unameza, basi. Kinamfaa mtu mwenye homa ya ini aina ya B, ambaye 2-1-1, yaani kumeza kuzunguka siku ya tendo tu, haimfai na ntaeleza kwa nini, na kinawafaa dada zetu trans, waliozaliwa wakaitwa wanaume lakini wao ni wanawake, wanaotumia homoni. Wiki za kwanza unaweza kusikia kichefuchefu, tumbo kujaa gesi, kichwa kuuma kidogo, kwa wengi hupotea wenyewe. Figo zako zichunguzwe hasa ukiwa na umri mkubwa au una sukari au presha. Na kama ni mtu wa kusahau sahau usikate tamaa, walipoendelea kuwafuatilia watu wa iPrEx, ripoti ya 2014, hakuna aliyeambukizwa kati ya wale ambao damu ilionyesha wanameza vidonge vinne au zaidi kwa wiki. Sijakwambia umeze vinne. Nakwambia ukikosa Jumanne usiitupe chupa yote.

Ubaya wake ni chupa. Wallahi nimeona watu wengi wameacha kwa sababu ya chupa kuliko kwa sababu ya kichefuchefu. Ukiwa na chumba chako chenye kufuli, umepanga Maweni au Muyeye kwa mfano, hakuna tatizo. Ukiwa unalala chumba kimoja na ndugu watatu, kila jioni ni mtihani. Dawa hizi zinafanana kabisa na za wanaoishi na virusi, chupa hizo hizo, na mtu akikuona nazo habari ishafika sokoni. Jaza pamba juu ya vidonge ndani ya chupa, haitalia tena, lakini kile kipakiti kidogo kinachonyonya unyevu kiache humo humo. Au toa vya siku chache uweke kwenye kikopo kikavu, usivitie kwenye dashibodi ya tuktuk, jua la Malindi la saa nane mchana unalijua. Ramadhani sio shida, unameza wakati wa futari au daku.

Kidonge cha kila siku nampa mtu ambaye mambo yake ni mengi na hayatabiriki, mtu wa ufukweni msimu ukiwa umechanganya, Desemba mpaka Machi wageni wamejaa, leo Watamu kesho Casuarina, huwezi kujua saa ngapi. Msimu ukiisha mwezi wa nne mvua zikaanza, mji umelala, anaweza kupumzika, kwa mwanaume asiye na homa ya ini B inatosha kumeza siku mbili baada ya mara ya mwisho ndo unasimamisha. Ukirudi unapima tena kisha unaanza na vidonge viwili kwa pamoja, masaa mawili au zaidi kabla ya tendo.

Sasa 2-1-1. Hii ndo nataka kukaa nayo kidogo kwa sababu watu wengi huku hawajawahi hata kuisikia, na mimi inaniuma. Nilienda kituo kimoja, sikitaji, nikamuuliza muuguzi akanambia hiyo ni ya wazungu. Si kweli. Ni dawa ile ile ya bure iliyo kwenye kabati lake, kinachobadilika ni namna ya kumeza tu. Shirika la Afya Duniani liliikubali kwa wanaume 2019 na mwongozo wa Kenya wa 2022 umeitaja. Utafiti wake, IPERGAY, ulifanyika Ufaransa na Kanada, wanaume 400, matokeo ya 2015, maambukizi yalipungua kwa asilimia 86. Kule Uingereza mwaka huo huo utafiti wa kidonge cha kila siku, PROUD, ulipata asilimia 86 hiyo hiyo. Nambari sawa kabisa, na huyu hamezi kila siku.

Inavyokwenda ni hivi. Umepanga kuonana na mtu Ijumaa usiku. Saa mbili usiku unameza vidonge viwili pamoja. Ni lazima iwe angalau masaa mawili kabla ya tendo na isizidi masaa 24, kwaivo kuanzia saa nne usiku uko sawa. Jumamosi saa mbili usiku unameza kimoja. Jumapili saa mbili usiku kimoja cha mwisho. Vidonge vinne, kazi imekwisha. Kama Jumamosi mmelala tena, huanzi hesabu upya, unaendelea tu kimoja kila siku saa ile ile mpaka siku mbili zipite toka mara ya mwisho. Na ukitazama vizuri utaona vidonge vyote vinaangukia saa moja ile ile, ukianza usiku vyote ni vya usiku, mchana hakuna anayekuona na kitu mkononi.

Wanapokosea watu nshapajua. Cha kwanza ni kumeza viwili vya mwanzo halafu asubuhi unajisikia vizuri unasahau vya mwisho, na hivyo viwili vya mwisho ndo vinamalizia kazi. Cha pili ni kumeza viwili mkiwa tayari mmeshavua nguo. Masaa mawili ni masaa mawili, dawa inahitaji muda ifike kwenye nyama ya mwili. Kama wewe ni mtu ambaye mambo hukukuta ghafla tu, kwenye gari la kutoka Mombasa, kwenye pati, 2-1-1 itakuangusha, rudi kwa kidonge cha kila siku. Na usiibebe kama ni ya mtu wa mara moja kwa mwaka, kule IPERGAY watu walikuwa wanatumia kama vidonge 15 kwa mwezi.

Kuhusu homa ya ini B, hii dawa inavitesa pia vile virusi vya ini, ukiwa navyo halafu unameza unaacha unameza unaacha, vinaweza kuamka kwa hasira na ini likavimba. Kwaivo kabla ya 2-1-1 pima homa ya ini B, ni damu kidogo tu, ukiwa huna omba chanjo yake.

2-1-1 nampa nani? Bwana mwenye mke ambaye anakutana na mwenzake mara moja kwa wiki au wiki mbili na anajua siku. Baharia na mvuvi anayekaa siku kadhaa nje halafu anarudi. Mwanafunzi wa chuo anayekaa kwa wazazi na kukutana na mpenzi likizo. Watu wa Lamu wengi sana. Ila bwana mwenye mke nikwambie kitu kwa upole, kidonge chako kinakukinga wewe, mkeo hana kinga yake mwenyewe zaidi ya wewe kubaki salama. Kila miezi mitatu kapime na ukikosea hesabu usijipe moyo, vaa kondomu nyumbani mpaka upime.

Sindano. Hapa ndo macho ya wengi yapo na yangu pia. Kuna mbili na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni cabotegravir, inadungwa kwenye tako. Utafiti wa HPTN 083 uliochapishwa 2021, wanaume na trans 4,566, waliodungwa walioambukizwa 13, waliokuwa kwenye kidonge cha kila siku 39, yaani asilimia 66 pungufu, na hiyo ni dhidi ya PrEP halisi, sio dhidi ya kidonge kitupu. Ratiba yake unadungwa leo, unarudi baada ya mwezi, halafu kila miezi miwili. Mwaka wa kwanza ni safari saba. Kwa mtu wa Malindi mjini anapanda boda anashuka hospitali, sawa. Kwa mtu wa Kizingitini au Faza anayengoja maji yajae ndo boti itoke, safari saba ni siku saba za kazi zilizopotea na nauli, na mara saba za kuulizwa unakwenda wapi.

Ya pili ni lenacapavir, hii kila miezi sita. Inaingizwa chini ya ngozi ya tumbo, sindano mbili siku moja, na siku ya kwanza na ya pili unameza vidonge viwili viwili vya kuianzisha, halafu huna habari mpaka nusu mwaka. PURPOSE 2, matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2024, kati ya watu 2,179 waliodungwa, walioambukizwa ni wawili. Wawili. Nilipoisoma ile nambari nilikaa nikawakumbuka watu niliowazika. Marekani iliidhinisha Juni 2025, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Julai mwaka huo huo. Bei ya Marekani ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka, lakini septemba 2025 ikatangazwa kwamba zile za kopi zitauzwa kama dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027 kwa nchi kama yetu. Kenya imo kwenye nchi za mwanzo mwanzo kupangiwa, ila mgao wa mwanzo ni mdogo na Marekani imetaka wajawazito na wanaonyonyesha watangulie, kwaivo usipande basi kwa maneno ya mtandaoni, piga simu hospitali kubwa ya kaunti yako au muulize muelimishaji rika kama imefika na nani anapewa.

Ukiziweka hizi mbili pamoja, kwangu mimi ya miezi sita imeshinda, na hasa kwa Lamu. Hakuna chupa, hakuna njuga, mama hana cha kukuta. Itaacha kinundu kidogo chini ya ngozi ya tumbo, ukipapasa unakisikia, hakionekani sana na kinapungua polepole. Zote mbili zina jambo moja zito ambalo lazima ulijue, dawa haitoki mwilini siku unayoacha. Inabaki kidogo kidogo kwa miezi mingi, mpaka mwaka na zaidi, kiwango kikiwa kidogo hakikulindi, na ukiambukizwa wakati huo virusi vinaweza kujifunza kuishinda hiyo dawa. Kwaivo ukiamua kuacha hamia kwenye kidonge, usiache tu ukae. Na mwambie daktari kama unatumia dawa za kifua kikuu, rifampicin inaivunja nguvu sindano. Kuhusu saumu, masheikh wengi wanasema sindano isiyo ya chakula haifunguzi, ukiwa na wasiwasi omba udungwe baada ya magharibi au nje ya Ramadhani, miezi sita ni mipana.

Kondomu najua mshaichoka kuisikia, lakini ndo pekee kwenye orodha hii inayozuia kaswende na kisonono pamoja na virusi, haitaki karatasi ya hospitali, na duka la karibu ipo. Uchambuzi wa Marekani wa 2015 ulipata kwamba wanaume waliosema wanavaa kila mara bila kukosa kinga ilikuwa kama asilimia 70, na tatizo ni hapo kwenye kila mara, wachache sana waliweza.

Halafu kuna jambo la mafuta, hili ni la kwetu kabisa. Mafuta ya nazi yapo kila nyumba, mafuta ya mgando yapo kila nyumba, na watu ndo wanapaka hayo hayo. Kwenye mafunzo moja tulipuliza kondomu kama baluni, mwenzetu akachovya kidole kwenye mafuta ya mgando akaisugua ubavuni taratibu, tukawa tunaangalia. Mpira ukaanza kulegea pale pale alipopaka, ukawa mwembamba kama ngozi ya kitunguu, halafu pa! Chumba kizima kimya. Kuna kijana alikuwa amekaa karibu nami akasema polepole, "Miaka minne natumia hayo." Mafuta ya aina yoyote na mpira wa kondomu ni maadui. Tumia jeli ya maji, ukikosa kliniki iulize duka la dawa, na kama huna jeli kabisa, sema usiku huo mfanye mengine yasiyohitaji kuingiliana.

Sasa nakuja kwa jambo ambalo ni la nyumbani kwangu. Mwenzangu anaishi na virusi, miaka sita sasa toka tujuane, na mimi niko salama. Kila akirudi kliniki ananionyesha ile karatasi ndogo iliyoandikwa LDL, yaani virusi ni vichache kiasi kwamba mashine haivioni, na anaikunja mara nne anaiweka kwenye pochi nyuma ya kitambulisho. Utafiti wa PARTNER2 uliochapishwa 2019 ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wanaume, mmoja ana virusi na anatumia dawa vizuri, mwingine hana, wakalala pamoja bila kondomu zaidi ya mara 76,000, na maambukizi kutoka kwa mwenzi hadi mwenzi yalikuwa sifuri. Kwaivo kama una mpenzi mmoja na ana LDL na anameza dawa zake, hiyo dawa anayomeza yeye ndo kinga yako, na ni kinga kamili. Na mnaomkimbia mtu kwa sababu amewaambia ukweli wa hali yake halafu mnaenda kulala na mtu ambaye hajapima mwaka wa tatu, fikirieni tena jamani, mmemuacha aliye salama.

PEP, dawa unayomeza baada ya tendo ili virusi visishike, ni ya dharura tu, sio ya kuipangia. Kondomu imepasuka, umelazimishwa, umelewa hukumbuki, una saa 72 na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, halafu unameza siku 28. Mtu wa Pate ikimtokea Ijumaa usiku asingoje Jumatatu. Atafute boti Jumamosi asubuhi. Ukijikuta umetumia PEP mara mbili kwa mwaka huo ni ujumbe kwamba unahitaji PrEP.

Na magonjwa mengine ya zinaa, vidonge wala sindano za hapo juu hazizuii. Kisonono cha nyuma au cha kooni mara nyingi hakina dalili yoyote, na hospitali zetu nyingi hutibu kwa dalili, huna usaha huna matibabu. Kwaivo usipouliza hupimwi, omba angalau kipimo cha kaswende kila miezi mitatu. Kuna habari ya kumeza doxycycline mg 200 ndani ya saa 72 baada ya tendo, kwa wanaume wa San Francisco na Seattle ilipunguza sana kaswende na klamidia, matokeo ya 2023. Kwa wanawake wa Kisumu haikusaidia, na nywele zao zilionyesha wengi hawakuimeza. Unarudi pale pale pa chupa na godoro. Usijinunulie tu dukani, ongea na daktari.

Wapi pa kuchukulia nalo ni la kulinganisha, na watu hulisahau. Drop-in, yaani kituo cha watu wetu wenyewe, unaongea kila kitu bila aibu, jeli ipo, mtu anakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Lakini Januari 2025 Marekani ilipofunga mfereji wa pesa, drop-in nyingi zilifunga milango kwa ghafla, na ruhusa iliyotoka Februari ikasema PrEP ya pesa zao ni ya wajawazito na wanaonyonyesha tu. Watu walifika wakakuta kufuli. Hospitali ya serikali ipo leo na kesho itakuwepo, ubaya ni foleni, na kwa mji kama Lamu anayekupa dawa ni binamu wa jirani yako. Jamaa wengi wa Lamu huja kuchukulia Malindi, wengine wa Malindi huenda Kilifi au Mombasa, ni nauli lakini usiku wanalala usingizi.

Huna lazima ya kumwambia muuguzi unalala na nani ili upewe PrEP, unaweza kusema tu una wapenzi zaidi ya mmoja na hujui hali zao. Ukitaka achunguze nyuma hapo itabidi useme. Sheria ya kanuni ya adhabu kifungu cha 162 bado ipo, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, na najua hofu hiyo inavyokaa kifuani ukiwa kwenye benchi la kungojea. Lakini sheria ya ukimwi ya 2006 inamkataza mhudumu kutoa siri ya kipimo chako, na Mahakama ya Rufaa Mombasa ilisema Machi 2018 kwamba kuwachunguza wanaume sehemu za nyuma kwa nguvu ili kuwatafutia ushahidi ni kinyume cha katiba. Kutafuta kinga sio kosa.

Yule jamaa wa Lamu tuliongea karibu saa nzima. Anaenda baharini, mwenzake yuko Mokowe, wanaonana Alhamisi au Ijumaa akirudi, anajua siku. Nikamwambia apime virusi kwanza, na kwa kuwa wiki tatu alikuwa bila kinga apime tena baada ya mwezi, na apime homa ya ini B. Alikuja Malindi akakaa kwa shangazi yake, akapima vyote, hana. Akapewa chanjo ya kwanza ya ini na chupa mpya. Chupa hakurudi nayo kama ilivyo. Ana kikopo kidogo cha bati cha kifuniko cha kuzungusha, alikuwa akiwekea ndoana, akakiosha akakikausha juani siku mbili, akatia vidonge vinane na pamba juu, vingine viko kwa shangazi. Alinitumia picha kiko kwenye kiganja chake, akaandika, "Tikisa usikie." Chanjo ya pili ni mwezi ujao, na akija atauliza kama ile ya miezi sita imefika.